Nguvu Mbili Zisizolingana: Elimu ya Safari Ndefu za Baiskeli Barani Ulaya

Miongoni mwa vyombo vyote vya usafiri alivyovibuni binadamu, baiskeli ndiyo inayomtegemea mwenyewe kuliko chombo kingine chochote. Injini yake ni misuli ya miguu, na petroli yake ni chakula kilicholiwa asubuhi. Kwa mtu anayesafiri peke yake jambo hili halina utata: akichoka hupumzika, na nguvu zikimrudia huendelea. Lakini mume na mke wanapoazimia kusafiri pamoja kwa majuma kadhaa, kutoka nchi moja hadi nyingine, huzuka swali lenye uzito wa kisayansi kuliko linavyoonekana. Watu wawili wasiolingana nguvu watawezaje kwenda mwendo mmoja bila mmoja kuachwa nyuma au mwingine kuchoshwa na kungoja? Wakiwa na watoto, swali hilo huwa gumu maradufu.

Barani Ulaya swali hili limekuwa likitafutiwa majibu tangu miaka ya 1870. Baadhi ya majibu yake yamepatikana katika karakana za mafundi, mengine katika elimu ya mwili wa binadamu, na mengine katika namna ya kujenga barabara. Makala haya yanaeleza majibu hayo kwa ufupi, na jinsi yalivyoziwezesha familia za kawaida kuvuka nchi nzima kwa nguvu za miguu yao.

Difrensha na baba aliyeshindwa na mwanawe

Kabla ya baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa kuenea, Waingereza wengi walitumia chombo cha magurudumu matatu kilichokuwa na viti viwili vilivyopangwa sambamba. Watu wawili waliketi ubavu kwa ubavu, kila mmoja akiendesha gurudumu la upande wake. Chombo hicho kilipendwa hasa na mume na mke, kwa sababu waliweza kuzungumza wakiwa safarini. Hata hivyo kilikuwa na kasoro moja kubwa. Mmoja akikanyaga kwa nguvu kuliko mwenzake, gurudumu lake lilizunguka upesi zaidi na chombo kikapinda kuelekea upande wa yule dhaifu.

Husimuliwa kwamba mwaka 1877 fundi James Starley wa mji wa Coventry, ambaye hapo awali alikuwa mtengenezaji wa cherehani, alipanda chombo cha namna hiyo pamoja na mwanawe William. Kijana alikuwa na nguvu kuliko baba, na chombo kikawatupa kando ya njia. Starley alilitafakari jambo hilo, na mwaka huohuo akatengeneza mfumo wa meno unaounganisha nguvu za watu wawili katika ekseli moja, kisha kuzigawa kwa magurudumu mawili bila kuyalazimisha kuzunguka kwa kasi ileile. Mfumo huo ni difrensha, ambayo mafundi wa magari huiita difu. Kanuni yake haikuwa mpya kabisa, maana Mfaransa Onésiphore Pecqueur alikwisha kuibuni kwa ajili ya gari la mvuke mwaka 1828. Lakini ni katika vyombo vya miguu mitatu ndipo ilipoanza kutumika kwa wingi, na kutoka huko ikahamia katika magari. Hivyo kila lori linalokata kona leo, gurudumu lake la nje likizunguka upesi kuliko la ndani, hutumia jibu la tatizo la watu wawili wasiolingana nguvu.

Wasafiri wa kwanza

Wawili waliotambua mapema manufaa ya vyombo hivi ni Elizabeth Robins Pennell na mumewe Joseph Pennell, Wamarekani wazaliwa wa Philadelphia. Walioana mwaka 1884, na mwaka huohuo wakahamia Ulaya. Mke alikuwa mwandishi na mume mchoraji. Basi mmoja aliandika habari za safari, mwingine akazichora. Walianza kwa kusafiri kutoka London hadi Canterbury kwa chombo cha magurudumu matatu cha watu wawili, kisha katika majira ya kupukutika majani wakatoka Florence hadi Roma. Baadaye walipita Ufaransa, na mwanzoni mwa miaka ya 1890, baiskeli za kisasa zilipokwisha kuenea, Elizabeth alisafiri kutoka Berlin hadi Budapest. Mwaka 1898 kilitoka kitabu chake kuhusu kuvuka milima ya Alps kwa baiskeli.

Wengine waliofuata nyayo hizo ni Fanny Bullock Workman na mumewe William Hunter Workman, Wamarekani waliokuwa wakiishi Ujerumani. Mwaka 1895 waliizunguka Hispania kwa baiskeli, wakasafiri jumla ya kilometa zipatazo 4,500, kwa wastani wa kilometa 72 kwa siku. Mume alimzidi mkewe umri kwa miaka 12. Binti yao hakwenda nao; alibaki akilelewa na kusomeshwa na watu wengine. Jambo hilo lina maana yake. Chombo cha wakati ule kilikwisha kumwezesha mke kusafiri bega kwa bega na mumewe, lakini si chombo wala barabara iliyokuwa tayari kumpokea mtoto.

Katika muda wa miaka michache kati ya safari hizo, chombo chenyewe kilibadilika sana. Mwaka 1885 John Kemp Starley, mpwa wa yule fundi wa difrensha, alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma. Umbo lake halikutofautiana sana na la baiskeli za leo. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alisajili haki ya tairi lenye upepo. Alikuwa amelitengeneza kwanza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo, aliyesumbuliwa na mtikisiko wa mawe ya barabarani. Hivyo difrensha na tairi la upepo, vifaa viwili ambavyo usafiri wa leo hauwezi kwenda bila hivyo, vyote vinahusishwa na baba aliyekuwa akimfikiria mwanawe.

Maadui watatu wa mpanda baiskeli

Ili kuelewa ni kwa nini tofauti ndogo ya nguvu huleta tofauti kubwa ya mwendo, yafaa kwanza kujua nguvu hizo hutumika wapi. Mpanda baiskeli hupambana na mambo matatu: ukinzani wa matairi juu ya barabara, ukinzani wa hewa, na uzito wake mwenyewe anapopanda mlima.

Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa saa kadhaa mfululizo, yaani nguvu za kuwashia balbu moja ya kawaida ya zamani. Chukua mfano wa msafiri ambaye uzito wake pamoja na baiskeli na mizigo ni kilo 100. Kwenye barabara nzuri ya lami iliyo tambarare, akienda kilometa 18 kwa saa, atahitaji takriban wati 65: kama wati 25 kwa ajili ya matairi na wati 40 kwa ajili ya hewa. Mwendo huo anaumudu kwa siku nzima. Akitaka kwenda kilometa 27 kwa saa, yaani kuongeza mwendo kwa nusu tu, atahitaji wati 175 hivi. Sababu ni kwamba nguvu zinazohitajika kuipasua hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Mwendo ukiongezeka mara moja na nusu, nguvu za kushindana na hewa huongezeka zaidi ya mara tatu.

Upepo nao una hesabu yake. Msafiri yuleyule anayekwenda kilometa 18 kwa saa akikutana na upepo wa mbele wenye kasi hiyohiyo, atahitaji kama wati 190. Na mlima ni mkali zaidi. Katika mpando wa asilimia 6, ambao ni wa kawaida katika barabara za Alps, kudumisha mwendo wa kilometa 18 kwa saa huhitaji zaidi ya wati 350, kiasi kinachowezwa na wanamichezo waliofunzwa tu. Msafiri wa kawaida hana budi kupunguza mwendo hadi kilometa 5 au 6 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa miguu kwa haraka.

Hapo ndipo tofauti ya nguvu hujitokeza. Kwenye tambarare mwenye nguvu akipunguza kidogo tu, mwenzake humfikia. Tena mwenzake anaweza kujificha nyuma yake na kupunguziwa robo hadi theluthi ya ukinzani wa hewa. Mlimani hakuna pa kujificha. Kila kilo hupandishwa kwa nguvu za mwenyewe.

Gia na ushindi wa mwanamke mmoja

Baiskeli za miaka ya 1890 zilikuwa na gia moja, kama zilivyo baiskeli nyingi za kawaida katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki. Baiskeli ya namna hiyo husogea takriban meta 5 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Mpandaji anapokwenda kilometa 6 kwa saa mlimani, miguu yake huzunguka mara 20 tu kwa dakika, na kila mkanyago huwa mzito mno. Misuli ya binadamu haikuumbwa hivyo. Hufanya kazi kwa raha zaidi ikizunguka upesi kwa mzigo mwepesi kuliko ikizunguka polepole kwa mzigo mzito. Ndiyo maana mwenye gia moja hushuka na kusukuma.

Aliyepigania sana mabadiliko ni Paul de Vivie wa mji wa Saint-Étienne, Ufaransa, aliyeishi kuanzia mwaka 1853 hadi 1930 na kuhariri gazeti la wapanda baiskeli. Aliwahimiza wasafiri watumie baiskeli yenye gia kadhaa. Wakuu wa mashindano waliibeza rai hiyo, wakiona kuwa gia ni msaada kwa wazee na wanyonge. Mwaka 1902 chama cha utalii cha Ufaransa kiliandaa jaribio milimani. Kumbukumbu za wakati ule hueleza kwamba mwanamke aitwaye Marthe Hesse, aliyepanda baiskeli yenye gia tatu, alimshinda Édouard Fischer, mpanda baiskeli wa kulipwa aliyetumia gia moja, na kwamba mwanamke huyo hakuligusa ardhi kwa mguu wake katika njia nzima. Pamoja na hayo, waandaaji wa mashindano ya Tour de France hawakuruhusu kifaa cha kuhamisha mnyororo hadi mwaka 1937.

Kwa msafiri, maana ya jaribio hilo ni dhahiri. Gia haimwongezei mtu nguvu hata wati moja. Kazi yake ni kumwezesha mwenye nguvu kidogo kuzitumia zote, kwa mzunguko ule ambao mwili wake unaupenda. Baiskeli ya safari ya siku hizi yenye meno 30 mbele na 34 nyuma husogea chini ya meta 2 kwa kila mzunguko, hivyo mpandaji anaweza kupanda mlima polepole huku miguu ikizunguka mara 50 au zaidi kwa dakika.

Hesabu ya mizigo

Gia zikishapatikana, hubaki njia nyingine ya kulinganisha mwendo ambayo haigharimu chochote, nayo ni mgawanyo wa mizigo. Wengi hudhani kwamba haki ni kugawana nusu kwa nusu. Hesabu haikubaliani nao.

Chukua mume mwenye kilo 80 anayeweza kutoa wati 100, na mke mwenye kilo 60 anayeweza kutoa wati 70. Katika familia nyingine hali huwa kinyume, nayo hesabu hugeuzwa ipasavyo. Kila baiskeli ina kilo 15, na mizigo yote, yaani hema, nguo, vyombo vya kupikia na chakula, ni kilo 25. Wanapanda mlima wenye urefu wa kilometa 10 na mpando wa asilimia 5, yaani wanapanda kimo cha meta 500.

Wakigawana mizigo sawa kwa sawa, mume atakwenda kilometa 6.2 kwa saa na mke kilometa 5.3. Mume atafika kileleni baada ya dakika 97 na mke baada ya dakika 113. Mume atangoja kwenye upepo wa kilele kwa dakika 16, jasho likimpoa mwilini. Mke atafika amechoka na kumkuta mwenzake amekwisha kupumzika na yu tayari kuondoka. Milima mitatu ya namna hiyo kwa siku yatosha kuharibu safari.

Mume akibeba kilo 20 na mke kilo 5, wote wawili watakwenda kilometa 5.8 kwa saa na kufika pamoja baada ya dakika 104 hivi. Jumla ya kazi iliyofanyika ni ileile, na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni kilo saba na nusu zilizohamishwa kutoka baiskeli moja hadi nyingine. Kanuni inayopatikana hapa ni kwamba mlimani usawa haupimwi kwa uzito anaobeba kila mtu, bali kwa nguvu alizo nazo mtu kwa kila kilo anayoipandisha.

Baiskeli moja, watu wawili

Jibu jingine ni baiskeli ya watu wawili, ambamo mmoja huketi nyuma ya mwenzake na pedali zao huunganishwa kwa mnyororo. Miguu yao hulazimika kuzunguka kwa kasi moja, lakini kila mmoja hukanyaga kwa kadiri ya uwezo wake. Hapana wa mbele wala wa nyuma. Kwa sababu hiyo haiwezekani kuachana. Kwenye tambarare chombo hiki kina manufaa makubwa, kwa kuwa watu wawili huipasua hewa kwa karibu upana wa mtu mmoja. Mlimani faida hiyo hutoweka, maana uzito hupandishwa kama kawaida.

Picha ya baiskeli hii imebaki katika kumbukumbu za Wafaransa kwa sababu maalumu. Mwezi Juni 1936 serikali ya muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto ilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi likizo ya siku 15 yenye malipo. Kwa watu wengi ilikuwa mara ya kwanza maishani kuwa na siku za mapumziko bila kupoteza mshahara. Kiangazi hicho vijana wengi walioana au wachumba walionekana barabarani juu ya baiskeli za watu wawili, wakienda kuiona bahari. Kabla ya hapo safari ndefu za baiskeli zilikuwa za watu kama akina Pennell na Workman, waliokuwa na muda na fedha. Tangu hapo zikawa pia za mfanyakazi wa kiwandani.

Mteremko nao una hatari yake. Watu wawili na mizigo yao, jumla kilo 180, wakiteremka kimo cha meta 1,000, hutoa nishati ya kutosha kuchemsha lita 5 za maji. Sehemu huchukuliwa na hewa, lakini iliyobaki lazima igeuke joto katika breki. Breki za kubana ringi zikishikwa mfululizo zinaweza kuipasha moto ringi hadi tyubu ikapasuka. Kwa hiyo baiskeli nyingi za namna hii huwekwa breki za sahani au za ngoma, na waendeshaji hushauriwa kupumzika katikati ya mteremko mrefu. Wapanda baiskeli wa miaka ya 1890, ambao breki zao zilikuwa dhaifu, waliwahi kufunga tawi la mti nyuma ya baiskeli ili liburuzwe na kupunguza kasi.

Chakula, baridi na watoto

Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo ya nishati ya chakula kuwa kazi ya miguu. Iliyobaki huwa joto. Anayetoa wati 75 kwa saa 6 huhitaji kilokalori 1,600 hivi zaidi ya chakula chake cha kawaida. Hiyo ni karibu sawa na akiba yote ya wanga iliyomo katika misuli na ini. Ikimalizika ghafla, miguu hulegea na kichwa huwa chepesi. Kwa hiyo wasafiri wenye uzoefu hula kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi, kabla njaa haijabisha hodi. Mwenye nguvu pungufu ndiye hupatwa kwanza, hasa akijilazimisha kumfuata mwenzake.

Kwa mtoto mambo ni tofauti. Mtoto mdogo anayebebwa katika trela dogo au kiti cha nyuma hafanyi kazi yoyote, na kwa hiyo hatoi joto la ziada. Zaidi ya hayo, eneo la ngozi yake ni kubwa kwa kulinganisha na uzito wake, naye hupoteza joto upesi. Baba anayetokwa na jasho mbele anaweza kudhani kuwa siku ina joto, kumbe mtoto nyuma yake anatetemeka. Wazazi hushauriwa kumvika mtoto kwa kufuata hali ya mtu aliyekaa kitako, na kumgusa shingoni kila wanaposimama.

Trela lenye watoto wawili, lenye jumla ya kilo 40, halisumbui sana kwenye tambarare, ambako huongeza wati 10 hadi 20. Katika mpando wa asilimia 5, hata kwa mwendo wa kutembea, huongeza zaidi ya wati 30, yaani theluthi ya nguvu zote za mtu wa kawaida. Mtoto mkubwa mwenye baiskeli yake humudu vema siku fupi za tambarare, lakini huchoshwa upesi na milima na upepo. Kutokana na hesabu hizi, familia nyingi huchagua njia za kando ya mito.

Njia inayofaa mtoto

Mfano mashuhuri ni njia ya mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria, yenye urefu wa kilometa 300 na ushei. Sehemu zake nyingi hupita juu ya njia za zamani ambazo farasi walitumia kuvuta majahazi kwenda juu ya mto. Farasi wa kuvuta jahazi hakuweza kupanda vilima, basi njia ilijengwa tambarare kabisa. Katika umbali wote huo mto hushuka chini ya nusu meta kwa kila kilometa. Upepo nao aghalabu hutoka magharibi. Familia inayokwenda mashariki husaidiwa na mteremko na upepo kwa pamoja, na kwa mwendo wa juma moja hivi hufika Vienna, kisha hurudi kwa treni.

Lakini mwinamo si jambo la kwanza katika usalama wa mtoto. La kwanza ni magari. Nchi ya Uholanzi, inayosifiwa leo kwa baiskeli zake, ilijifunza jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1971 peke yake watu wapatao 3,300 walikufa katika ajali za barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliandamana wakidai watoto wao wasiendelee kuuawa njiani. Mwaka 1973 mafuta yalipoadimika, serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kwa muda, na watu wakaziona barabara zao zikiwa tulivu. Katika miaka iliyofuata nchi ilianza kutenga njia za baiskeli, ambazo leo zina urefu wa zaidi ya kilometa 35,000, na kupunguza mwendo wa magari katika mitaa ya makazi hadi kilometa 30 kwa saa. Fizikia inaunga mkono hatua hiyo: gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa lina nishati ya kugonga karibu mara tatu ya lile linalokwenda 30.

Jirani yake Ubelgiji iliongeza busara nyingine. Hugo Bollen, mhandisi wa migodi katika jimbo la Limburg, aliona kuwa njia za baiskeli zinaweza kupangwa kama njia za chini ya ardhi mgodini, kwa kuipa kila njia panda namba yake. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 1995. Msafiri haitaji kujua majina ya vijiji wala lugha ya wenyeji. Huandika namba chache katika karatasi na kuzifuata. Mtoto anayejua kusoma namba anaweza kuongoza familia nzima, na wengi hufurahia kazi hiyo. Mwaka huohuo lilianzishwa wazo la mtandao wa EuroVelo, wenye njia 17 zinazokusudiwa kufikia zaidi ya kilometa 90,000 katika bara zima. Njia yake ya 6 hutoka bahari ya Atlantiki nchini Ufaransa hadi bahari Nyeusi nchini Romania, ikipita katika nchi 10 na kufuata mito ya Loire na Danube.

Hitimisho

Mwaka 1973 mtaalamu S. S. Wilson wa Chuo Kikuu cha Oxford alionyesha katika makala yake kwamba mtu juu ya baiskeli hutumia nishati kidogo, kwa kila kilo na kila kilometa, kuliko mnyama au chombo chochote alichokilinganisha nacho. Ukweli huo huelezwa mara nyingi kana kwamba mpanda baiskeli ni mmoja daima. Safari za mume, mke na watoto zinaonyesha upande wa pili wa elimu hiyo. Chombo kilicho bora hakiwi bora kwa mwenye nguvu peke yake. Difrensha iliunganisha nguvu mbili zisizolingana. Gia zilimpa kila mtu mzunguko unaofaa mwili wake. Mgawanyo wa mizigo uliwafikisha wawili kileleni kwa dakika moja. Na barabara ilipojengwa kwa kipimo cha mtoto, familia nzima ilipata nafasi ya kusafiri.

Katika nchi zetu baiskeli hubeba maji, mkaa, ndizi na wanafunzi, na wanaoitumia ni watu wa nguvu za kila kadiri. Wahandisi wanaopanga barabara na mafundi wanaoagiza au kutengeneza baiskeli wanaweza kuanza na swali lilelile lililowasumbua mafundi wa Coventry: je, yule dhaifu kuliko wote atafika pamoja na wenzake, na atafika salama?